Aliyemfundisha Baba Ukauboi

Nebraska,
16 Februari 1997

Kaka mpendwa Dwight,

Salamu nyingi ziwafikie wewe na wifi Joanne huko Chicago. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na theluji haijawafungia ndani kama ilivyotufungia sisi. Huku tu wazima, na leo nina furaha hata kalamu haikamatiki.

Barua yako niliipata. Unasema tangu Baba atutoke Mama ananyauka katika nyumba ile ya wazee, hasemi wala hali, kwa hiyo mwezi ujao unakuja kumchukua akaishi kwenu. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe kila nikienda nilimkuta ameukodolea macho ukuta, supu imepoa mbele yake. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalia ndani ya gari.

Basi jana Jumamosi nilimsukuma kwa kiti chake hadi sebuleni, ambako wazee wenzake walikuwa wakitazama filamu za kikauboi za zamani, zile zile za televisheni tulizotazama utotoni. Unakumbuka Jumamosi zile, kaka? Viazi vinaliwa mbio mbio, wewe uko juu ya paa unazungusha antena, mimi dirishani napiga kelele kwamba sherifu kwenye kioo bado ana vichwa viwili. Majirani wamejaa, Bibi Halvorsen na mikate yake ya mdalasini, Mama kasimama nyuma ya watu wote anapiga pasi. Na Baba, muuza misumari ambaye hatukuwahi kumwona juu ya farasi, anakosoa kila kitu. Tandiko lile limelegea. Farasi yule katoka safari gani, mbona hana jasho. Ng'ombe wale ni wa wiki iliyopita, wamevushwa tena mto ule ule. Mji mzima ulimheshimu kwa ujuzi huo, nasi shuleni tulitembea kifua mbele.

Sasa sikiliza. Pale sebuleni kauboi mmoja alifunga hatamu za farasi wake kwenye nguzo, akaingia baa. Mzee Emmett, aliyekuwa kinyozi, akasema huyo ndiye mwanamume. Nikasikia sauti kando yangu, ambayo sikuwa nimeisikia hivyo tangu mazishi.

“Mwanamume gani, Emmett? Farasi akishtuka tu anakata hatamu na kuondoka. Bwana huyo atarudi kwao kwa miguu.”

Sebule nzima ikaangua kicheko. Emmett akamuuliza mke wa muuza misumari ameyajulia wapi hayo. Mama akamjibu kwamba alichunga ng'ombe kwenye ranchi ya baba yake mpaka siku alipoolewa, na kama hasadiki alete farasi. Akamaliza bakuli la supu, akaomba jingine.

Nilipokuwa namrudisha chumbani nikamwambia amesema kama Baba kabisa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

“Baba yenu? Mwanangu, baba yenu alikuwa anaogopa hata kuku.”

Ndipo akanieleza. Babu alipouza ranchi, Mama alikuwa analia kila jioni kwa kuikumbuka. Baba akanunua televisheni. Filamu ikiisha, wakiosha vyombo, Mama alimweleza makosa yote, na Jumamosi iliyofuata Baba akayasema mbele za watu kwa sauti kubwa. Filamu zenyewe hakuzipenda hata moja. Alitaka tu mkewe, pale nyuma penye pasi, asikie mambo ya kwao yanatajwa nyumbani kwake.

Nililia, kaka, lakini safari hii kwa raha. Kisha nikamwambia unakuja kumchukua. Akanipa maneno haya nikuandikie kama yalivyo:

“Mwambie Dwight asije kunihamisha. Aje Jumamosi, akae chini, nimfundishe. Baba yake hayupo, na mimi siwezi kupiga kelele peke yangu.”

Kitanda chako nimeshakitandika. Wifi na watoto wape mkono kwa niaba yetu, na barabarani uendeshe polepole, barafu ni nyingi.

Mdogo wako akupendaye,
Marlys