Simu Ilisema Baba Yuko Sebuleni

Jumanne. Mawingu yameifunika Ifakara tangu asubuhi. Mvua hainyeshi na jua halitoki. Leo ni siku ya tatu sihisi kitu.

Naandika hapa kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nikijisifu. Wanaonisoma wanajua habari za pampu yangu inayojizima tangi likijaa, na taa zinazojiwasha giza likiingia. Miezi mitatu iliyopita niliandika kwa furaha kwamba nimefunga sensa, yaani vifaa vinavyotambua mtu akipita, nyumbani kwa Baba, kule Lupiro. Anaishi peke yake tangu Mama afariki. Niliweka moja mlangoni na nyingine sebuleni, vidude vyeupe vidogo kama kiberiti, na ujumbe vinaoutuma kwenye simu yangu niliuandika mwenyewe kwa Kiswahili. Mlango wa nje ukifunguka asubuhi, "Baba ameamka." Mtu akipita sebuleni, "Baba yuko sebuleni."

Kabla ya hapo nilikuwa nampigia kila asubuhi.

Baada ya hapo niliacha. Nilikuwa namwona kwenye simu, au ndivyo nilivyojiambia.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ujumbe ulikuja: Baba ameamka. Nikaendelea na balbu mpya ambazo zilikuwa zinakataa kuelewana na mitambo yangu ya zamani kwa kuwa ni za kampuni nyingine. Mvua ilikuwa kubwa. Kila baada ya dakika chache simu ilinitaarifu: Baba yuko sebuleni. Nilifurahi kwamba hajatoka kwenye mvua.

Karibu saa sita simu iliita. Jina lilikuwa la Baba, lakini sauti ilikuwa ya Mama Kulwa, jirani yake Msukuma anayemletea maziwa.

"Mwanangu, njoo. Baba yako nimemkuta kalala uani kwenye matope. Anasema ameanguka tangu asubuhi."

Nikaangalia simu. Baba yuko sebuleni.

Walikuwa kuku. Baba alifungua mlango, akatoka, akateleza karibu na choo. Mlango ukabaki wazi, na mvua ilipozidi kuku wakaingia ndani. Niliwakuta bado wapo, wawili juu ya kochi.

Tulimpakia kwenye gari la jirani hadi hospitali huku Ifakara. Mfupa wa nyonga umevunjika. Njiani alikuwa anatetemeka, nimemfunika koti langu, akaniuliza taratibu, bila hasira:

"Nilikuita sana. Si ulisema unaniona?"

Nilitazama mashamba ya mpunga yakipita.

Sijalia. Nakula nikiwekewa chakula, naoga, natoa salamu kazini. Watu wananipa pole nami nasema asante.

Jumapili dada yangu Felista alifika kutoka Mngeta. Akauliza mbona mitambo yangu haikusema kitu. Nikamwambia mtandao ulikatika.

Mtandao haukukatika hata dakika moja.

Leo mchana tulikuwa nje ya wodi, Felista anafua shuka za Baba. Akasema, "Usijilaumu, kaka. Mtandao wa huku tunaujua. Baba akirudi tufunge na kwangu, mama mkwe naye anabaki peke yake nikienda shamba."

Nilitaka kusema sawa. Mdomo ulishafunguka kabisa. Badala yake nikamwambia ukweli wote: kuku, ujumbe, balbu, na kwamba tangu nifunge vile vidude naweza kumaliza wiki nzima bila kumpigia.

Aliacha kufua. Mikono yake ilibaki ndani ya beseni.

"Hata siku ile ya mvua hukumpigia?"

"Sikupiga."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikamua shuka, akaianika, akavuta pembe zake mpaka ikanyooka. Kisha akasema bila kunitazama:

"Zamu ya kesho asubuhi ni yako. Uji wake usiwe mzito. Na hayo uliyoniambia mimi, ukamwambie yeye."

Alipokuwa nyumbani kwangu jana, Felista aliosha vyombo vyote akavipanga. Leo hakuja, amebaki wodini.

Baba bado anaamini nilimwona akiwa amelala pale, nikachelewa tu kufika. Au anaamini nilimwona nikapuuza. Sijui ni lipi kati ya hayo, na nimeogopa kumuuliza.

Saa kumi na mbili nitakuwa kando ya kitanda chake. Nitamwambia kwamba sikumwona. Nitamwambia kabla hajaanza kunywa uji.