Nilivyomsomea Bi Zuhura

Jumanne, nyumbani Barani

Nilimdanganya, naye akanishukuru.

Leo nilimpelekea Bi Zuhura wa Mambrui tasnifu yangu ya sheria. Ndiye aliyenieleza jinsi wanawake wa kwao wanavyouziana leso kwa neno la mdomo mbele ya mashahidi, na anayevunja ahadi huitwa na wazee. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Nisomee pale nilipo mimi, mwanangu."

Pale alipo nimeandika, kwa Kiingereza, kwamba biashara yao haina sheria, ni mazoea tu. Siyaamini maneno hayo. Vitabu nilivyotakiwa kuvifuata vyote ni vya Waingereza na Wamarekani, nami nilitaka kufaulu.

"Hapa nimesema mna sheria madhubuti," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Ahsante, mwanangu. Na jina langu limo?"

"Limo, mama."

Halimo. Ameandikwa mhojiwa wa saba.

Akaomba nimwachie. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema mjukuu wake, mwalimu wa Kiingereza huko Magarini, anakuja Ijumaa. Atamsomea yote, toka mwanzo.

Ningeweza kurudi ndani nimwambie mwenyewe. Nikavaa viatu, nikaaga.