Sikukukataa, Mama Salome, Ni Bega

Mama Salome, mke wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yaleyale, hata kama umeanza kuyatilia shaka. Watoto hawajambo? Mama amepumzika na kile kikohozi? Nasikia mto umepanda tena huko Idsowe, na mawazo yangu yote yako kwenye mpunga wako wa bondeni. Barua hii anakuletea mwalimu wa Golbanti, aliyekuja Nakuru kumwona mwanawe. Kwa simu nimejaribu kukwambia mara nyingi, lakini ukishasema "haya" naishia kukuaga tu.

Nataka kukueleza mambo ya Krismasi. Najua uliona kaka yako yuko juu ya paa anaezeka nyumba yetu, na mimi nimekaa chini kama mgeni. Najua pia usiku ule ulipolaza kichwa begani pangu nikajitoa. Ukaniuliza, "Huko Nakuru kuna mtu amekuzoesha kulala peke yako?" Nikasema nimechoka. Nilikudanganya. Hakuna mtu. Nilikuwa na maumivu, na niliona aibu.

Unakumbuka ule uvimbe wa shingoni niliokutajia? Miezi minne kabla ya Krismasi nilitolewa uvimbe huo katika kliniki moja ndogo hapa mtaani, ili upimwe. Majibu yalikuja mazuri, si TB wala saratani, ni tezi tu iliyovimba. Nikashukuru Mungu. Lakini kidonda kilipopona, mkono wa kulia ukawa haupandi kupita bega. Bega lenyewe likalegea, likawa linauma mpaka nyuma ya shingo. Niliporudi kliniki wakaniambia, "Ni kidonda, kitazoea." Nikangoja kizoee. Mtu anayepaka rangi dari, mke wangu, bila mkono ni nani?

Niliporudi kazini baada ya sikukuu, rola ilinitoka mkononi nikiwa kwenye ngazi, rangi ikamwagika sebule nzima ya watu. Msimamizi wetu, mzee mmoja Mkalenjin tunayemwita Baba Cheptoo, hakunigombeza. Alinivua shati.

"Yohana, bega lako moja limeshuka. Na huu mfupa wa kombe la bega, hapa mgongoni, umechomoza. Tangu lini?"

Kesho yake alinipeleka mwenyewe hospitali kubwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliweka mikono juu ya mabega yangu akaniambia niyapandishe kwa nguvu. La kushoto likapanda, la kulia likabaki palepale. Kisha akagusa kovu.

"Hapa ulifanywa nini?"

Nilipomweleza, alilipapasa tena lile kovu. Akasema kuna mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa shingo, karibu sana na ngozi, na ndio unaoamrisha msuli unaobeba bega. Wakati wa kutoa uvimbe ulikatwa. Walinichoma visindano vyenye nyaya msulini, mashine ikasoma, na ikawa kama alivyosema.

"Ungekuja mapema ingekuwa rahisi," akaniambia. "Lakini hujachelewa. Tusingoje tena."

Basi nilipasuliwa, na wewe hukujua. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa yote. Ncha mbili za mshipa hazikufikiana, wakachukua kipande kutoka mguuni wakaziunganisha. Ubavu wa unyayo sasa umekufa ganzi kidogo, wala haunisumbui. Baba Cheptoo alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu siku mbili, mtu ambaye si ndugu yangu, na mimi nikawaza kwamba kiti kile kilikuwa chako, na nimekunyima mwenyewe.

Huu ni mwezi wa tano tangu nipasuliwe. Kila wiki naenda mazoezi, natembeza vidole ukutani kama mtoto anayejifunza kuandika. Daktari ananiambia mshipa hukua polepole sana, na huenda mkono usirudi wote. Kazini napaka milango na kuta za chini. Lakini Jumanne iliyopita mkono ulipita bega, kiasi cha kiganja tu. Binti anayenifanyisha mazoezi akapiga makofi, na mimi nikalia mbele za watu.

Mwambie kaka yako, maana nasikia naye ana uvimbe shingoni, asiogope kupimwa. Ila aende hospitali yenye daktari wa upasuaji, aulize habari za mshipa huo kabla hajaguswa. Na mkono ukilegea baadaye, asikae kimya kama mimi.

Nisalimie Mama, na baba mkwe, na shangazi wa kwaya. Salome na mdogo wake wabusu kwa niaba yangu.

Mwalimu atakuja tena huku Nakuru wiki ijayo. Mpe jibu. Kama una hasira, ziandike zote, usibakishe. Afadhali nisome hasira zako kurasa kumi kuliko kusikia "haya" nyingine.

Mumeo anayekupenda,
Yohana