Mke wa Nne wa Mlinzi wa Geti

Shamba la mkonge, karibu na mpaka

Mama, shikamoo, na ya bibi umfikishie.

Kazi nimepata, ya kupiga brashi nyuzi za mkonge kiwandani. Vumbi lake tunalila pamoja na ugali. Wanawake tunalipwa nusu ya wanaume kwa sababu, anasema karani, tuna waume wa kutulisha. Na asiye na mume hapewi chumba. Basi wenzangu wanne walikuwa wameandikishwa wake wa Mzee Shomari, mlinzi wa geti, ambaye analala kibandani kwake na hajui hata majina yao.

Nilipofika mimi, karani alifunga daftari. "Wanne wametimia, dada. Wa tano haramu."

Wiki nzima nimelala barazani kwa watu. Jana Mwanaisha, mmoja wa wale wanne, karudi kwao Vanga, ng'ambo ya mpaka. Mzee Shomari akaitwa ofisini, akamwandikia talaka, akaniuliza jina, akarudi getini.

Kwa hiyo, mama, ukisikia nimeolewa, usilie wala usipike pilau. Mwambie baba mahari ni nafasi ya mkeka mmoja, upande usiovuja.

Mwanao anayekukumbuka kila akikohoa,
Zaina