Nakala kwa Katibu

Handeni,
3 Machi 2026

Baba Fabiani,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Mama Ritha anaendeleaje na magoti? Sisi hatujambo, isipokuwa mke wangu Yuditha. Mimba ilitoka mwezi uliopita, na tangu siku ile haongei sana.

Alhamisi ya wiki ijayo baraza la madiwani litaipigia kura ardhi ya lambo letu. Mwekezaji anataka kupanda mkonge hadi ukingoni mwa maji. Jana Katibu wa wilaya alituita sisi madiwani wa chama, akasema msimamo ni mmoja: mikono yote juu. Niliuliza ng'ombe wa kata yangu watanywa wapi. Akajibu, "Diwani, ng'ombe hawana kadi." Watu wakacheka.

Mimi sitanyoosha mkono. Wewe ndiye uliyenilea hapo Kwamndolwa nikasoma, na ndiye uliyenidhamini kuingia katika chama. Nimeona usikie kwangu kwanza. Sijamwambia mtu mwingine, hata Yuditha.

Mwanao,
Parsaoti


Kwamndolwa, Korogwe,
7 Machi 2026

Mwanangu Parsaoti,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa jirani yetu Yusta. Mama yako anatembea, ila kwa taratibu. Mpe Yuditha pole yetu. Anywe uji, na asiinue ndoo.

Sasa nisikilize. Hukuchaguliwa kwa jina lako peke yako. Mwenye hoja huitoa ndani ya kikao. Akishindwa, huwafuata wenzake. Nilikuwa katibu wa tawi miaka kumi na tisa, na mara nyingi nilinyoosha mkono kwa jambo nisilolikubali. Ukikaidi, watakuvua uanachama, na diwani asiye na chama hana kiti. Hapo lambo litakosa hata mtu wa kuuliza swali.

Nyoosha mkono, kisha upigane.

Baba yako,
Fabiani


Handeni,
9 Aprili 2026

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Sikunyoosha. Tulikuwa watatu. Tulipoitwa kwenye kamati ya maadili, Kisemei alisema alikuwa amesinzia. Joyceline alisema bega linamuuma, akafunua na kuonyesha plasta. Wakapewa onyo, wakaenda kunywa chai.

Ilipofika zamu yangu, Katibu alifungua jalada, akatoa barua yangu kwako. Aliisoma yote, kuanzia shikamoo. Alisoma hata habari ya Yuditha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe hata nyumbani kwake mambo hayakai." Walicheka kama walivyocheka siku ya ng'ombe. Juu ya karatasi, kwa mwandiko ulionifundisha kusoma, paliandikwa: "Nakala kwa Katibu, kwa taarifa."

Nimevuliwa uanachama kwa kupanga uasi kabla ya kura. Rufaa itasikilizwa Tanga, Jumamosi ya tarehe 25. Ikishindwa, kiti kitatangazwa kuwa wazi. Kamati ya huko inataka maelezo yako ya maandishi, yafike kabla ya Ijumaa ya tarehe 24 kwisha.

Niambie kwamba barua ilichukuliwa mezani pako bila wewe kujua. Nitaamini.

Parsaoti


Kwamndolwa, Korogwe,
24 Aprili 2026

Mwanangu Parsaoti,

Marahaba. Afya yangu si mbaya. Mama yako hajasema nami tangu aliposoma barua yako. Aliuliza tu, "Hata ya mimba, mwalimu?"

Haikuchukuliwa. Niliitolea nakala mwenyewe, siku ileile niliyokujibu, nikaituma kwa basi. Katika miaka yangu ya uongozi, mwanachama aliyetoa taarifa mapema aliitwa na kusikilizwa; aliyenyamaza ndiye aliyeadhibiwa. Niliamini kwamba Katibu angekuita kabla ya Alhamisi. Niliambatanisha barua yangu, nikieleza kwamba una akili na hujawahi kunidanganya. Naona hiyo haikusomwa. Sikukuambia, kwa sababu nilijua ungekataa. Ungekuwa na haki ya kukataa. Wala sikufikiri kuifunika habari ya mkeo. Nilinakili karatasi nzima, kama nilivyozoea kunakili karatasi.

Juzi Katibu alikuja hapa na gari, akanieleza njia mbili. Nikiandika kwamba ulitoa taarifa kwa nia njema, na kwamba mimi ndiye niliyeifikisha chamani kwa niaba yako, rufaa yako ina nafuu. Lakini nami nitahesabiwa kuwa nilishiriki, na nitarudisha kadi niliyoichukua nikiwa mwalimu kijana. Nikiandika kwamba nilikuonya ukakaidi, jambo ambalo nalo ni kweli, nitabaki na kadi yangu, na wewe kiti kimekwenda.

"Mwalimu," aliniambia, "kwa umri huu, nje ya chama utakaa na nani?"

Nilimkaribisha chai.

Maelezo yote mawili nimeyaandika, kwa wino, bila kufuta neno. Karani wa kamati amepiga simu mara mbili tangu asubuhi. Sasa ni saa tisa, na basi la Tanga linapita saa kumi. Mama yako amesimama mlangoni, amejifunga kanga ya kutokea. Anasema kama mimi siendi, atakwenda yeye. Anataka nimpe karatasi moja tu kati ya hizi mbili.

Sijampa.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako,
Fabiani