Maji Yetu Yamehamia Kwako

Mpendwa Cherop,

Hapa Eldoret tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, ameshaanza kuvuna mahindi shambani huko Chepsaita. Asante kwa barua yako.

Unauliza kwa nini kila ukinisimulia kuhusu mgodi wenu wa dhahabu, mimi naulizia maji kwanza.

Nikiwa mwandishi wa habari kijana, nilitumwa Pokot, ambako watu walikuwa wakiosha mchanga wa mto kutafuta dhahabu. Kilikuwa kiangazi. Mwenye shimo kubwa la kuchimbia dhahabu kando ya mto alileta pampu ya kutoa maji yaliyojaa ndani. Punde kisima ambacho akina mama walikuwa wamechimba mchangani, chini kidogo ya hapo, kikakauka. Hawakuwa na kingine.

Mama mmoja alikuja na mtungi wake, akauweka mbele ya pampu.

"Mama, hapa ni kazini," mwenye shimo akasema.

"Najua. Maji yetu yamehamia kwako, nasi tumeyafuata. Tutalala wapi?"

Watu wakacheka, mwenye shimo naye akacheka. Kisha akazima pampu. Walikubaliana isiwashwe asubuhi kabla akina mama hawajateka, na maji machafu yaelekezwe kwenye shimo la zamani, yatulie, kisha yatumike tena kuoshea mchanga.

Kesho yake kisima kilikuwa na maji. Mama yule alinijazia kikombe kabla ya kujaza mtungi wake. Namshukuru mpaka leo.

Ukiniandikia tena, nieleze kwanza watu wanaoishi bondeni, chini ya mgodi wenu, wanateka maji wapi. Dhahabu ifuate.

Nyanya yako,
Tabitha