Sukari ya Nyumba Yetu

Kilungu, 6 Machi 1983

Dada Syokau,

Natumaini wewe na watoto mko salama huko Kwa Vonza, na kwamba mvua imewakumbuka. Hapa ni wazima wote isipokuwa mimi. Najua tangu tumzike Baba sijakuandikia. Wiki jana nilipimwa hospitalini, nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari, ule ule wake. Sikuwahi kuuona mguu wake ukioza, lakini sasa nauona kila nikifumba macho, hata darasani mbele ya wanafunzi. Ulianza vipi? Naogopa.

Ndugu yako,
Mulei

Kwa Vonza, 20 Machi 1983

Ndugu yangu Mulei,

Hatujambo. Mvua bado. Pole na ugonjwa.

Ulianza na lengelenge la kiatu, dogo kama punje ya ndengu. Baba alisema halimuumi. Hatari ilikuwa hapo, maana miguu ilishakufa ganzi. Wiki ya tatu likanuka. Wakakata vidole, halafu chini ya goti. Kila siku aliniuliza, "Mulei amejibu?" Nikamdanganya kwamba barua zinachelewa. Miezi saba niliosha kile kidonda, na wewe ulikuwa safari ya siku moja tu.

Sasa sikiliza. Jidunge insulini kila asubuhi. Chai bila sukari. Kagua miguu hadi katikati ya vidole, na usitembee miguu mitupu hata uani.

Dada yako,
Syokau

Kilungu, 14 Agosti 1983

Dada,

Habari za huko? Mimi naendelea vizuri. Mke wangu Nthenya amenipunguzia ugali, na dawa naiweka kwenye mtungi wa maji ibaki baridi. Lakini dada, nimechoka. Kuchemsha sindano, kujidunga, na kesho tena. Ugonjwa huu hauna Jumapili.

Ndugu yako,
Mulei

Kilungu, 2 Februari 1984

Dada mpendwa,

Bwana asifiwe! Niliombewa kanisani, nikasimama mbele ya watu wote nikashuhudia kwamba nimepona. Mwezi mzima sijajidunga na nina nguvu. Furahi pamoja nami.

Mulei

Kwa Vonza, 11 Februari 1984

Mulei,

Leo sina salamu. Mungu hakukwambia uache dawa. Ulichoka, ukatafuta mahali pa kuruhusiwa. Jidunge leo hii.

Dada yako

Kilungu, 30 Novemba 1984

Dada Syokau,

Nthenya ndiye anayeandika, macho yangu yana ukungu. Msumari ulitokeza ndani ya kiatu, nikaukanyaga siku nzima bila kuusikia. Wamekata mguu wa kulia. Kidonda hakifungi, na Nthenya akikifungua anatapika. Wewe ulimtunza Baba, unajua. Njoo, dada. Nakuomba.

Ndugu yako,
Mulei

Kwa Vonza, 12 Desemba 1984

Mulei,

Pole sana. Wifi yangu Nthenya, msomee yote, usiruke mahali.

Nimelia kwa ajili yako. Lakini sitakuja.

Mimi pia nina sukari, huu mwaka wa tatu. Siku nilipokuandikia mara ya kwanza ujidunge, nilikuwa nimetoka kujidunga. Sikukwambia, kwa sababu hata ningekwambia usingekuja. Kuna asubuhi nachoka kama wewe, naiangalia ile sindano natamani kuitupa chooni. Halafu najiuliza nani ataniosha mimi. Nahesabu watu wote ninaowajua, nafika mwisho, najidunga.

Wifi, chemsha maji yenye chumvi, yapoe, uoshe kutoka katikati kwenda nje. Funga kitambaa puani. Utazoea. Mimi nilizoea.

Dada yako,
Syokau